Nyuzi Zilizolegea

Mpiga kinanda alibonyeza noti moja, akatusikiliza, akakunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye mboga.

"Wazee, magitaa yenu yameshuka," alisema. "Yote mawili. Na yameshuka sawasawa."

Nilimtazama shemeji. Shemeji akalitazama zulia la studio.

Miaka hiyo tulikuwa tumeshachuja. Zamani nyimbo zetu za taratibu, magitaa mawili na sauti mbili, zilipigwa kila harusi na kila saluni. Watu wakatubatiza Mashemeji, maana nilikuwa nimemwoa dada yake. Kisha wakaja vijana na midundo yao ya kompyuta, nasi tukasahauliwa tungali hai. Kampuni ikatupa albamu moja ya mwisho, kwa sharti kwamba tuimbe kwa sauti za juu, kulekule kulikotupa jina. Tukishindwa, basi, kila mtu ashike njia yake.

Nami nilijua tutashindwa. Mazoezini nilimsikia shemeji akiipanda ile sehemu ya juu kwa taabu, mishipa ya shingo imemtoka. Mke wangu alikuwa ameshaniambia jikoni, "Chondechonde, usiniaibishie kaka yangu." Sasa utamwambiaje mwanamume mwenzako kwamba koo lake limezeeka? Asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, nililegeza nyuzi zangu zote sita ili wimbo ushuke bila yeye kujua. Nilijipa moyo kwamba atanifuata kwa sikio, kama alivyozoea. Tulipoyajaribu magitaa studioni, yakapatana. Nikamshukuru Mungu kwa kunisitiri, wala sikujiuliza imekuwaje.

"Nani kalegeza?" prodyuza aliuliza kutoka nyuma ya kioo.

"Mimi," nilisema.

"Mimi," akasema shemeji, papo hapo.

Alijikuna kichwa. "Nisamehe, shemeji. Nilikuona unavyohangaika na sauti yako ya pili, ile ya chini ya yangu, unakata pumzi katikati ya mstari. Nikasema nikusitiri."

"Unisitiri mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nakusitiri wewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka nami, machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nilimpenda sana mtu yule, na sikuwahi kumwambia.

"Kumbe tumekwisha wote wawili," alisema akijifuta macho. "Afadhali. Hakuna wa kumwonea haya mwenzake."

Prodyuza akatukumbusha sharti la kampuni. Shemeji akainuka, akajipangusa suruali.

"Kinanda kishuke," alisema. "Sisi hatupandi tena."

Niliogopa, nisiseme uongo. Sikuwa na kazi nyingine duniani wala mwenzi mwingine wa kuimba naye. Lakini alikuwa ameshasimama kwenye maikrofoni, ananingoja, nikaenda.

Albamu ilidoda. Kampuni ikatutema, ila hatukuachana. Tulibaki na kumbi ndogo za viti vya plastiki, feni moja, watu wa kuhesabika. Jumapili moja alasiri, tulipofika kwenye kiitikio, nikasikia sauti ya tatu. Alikuwa mama mmoja wa safu ya mbele, ameukumbatia mkoba kifuani, anaimba. Kisha jirani yake. Kisha safu nzima. Enzi zetu za juu watu walitushangilia tu, maana hakuna aliyeweza kutufuata kule.

Shemeji alinyamaza, akanigusa kiwiko ninyamaze nami. Tukapiga magitaa tu, wao wakaumaliza wimbo.