Mwisho wa Picha ya Kitanda

Kifuniko cha sufuria kilitetemeka mezani, tr-tr-tr, kama kilivyofanya kila treni ya mizigo ilipoondoka stesheni kabla hakujapambazuka. Nasimiyu alikisikiliza gizani mpaka kikanyamaza. Nekesa, bintiye, alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja juu ya tumbo la mama. Khaemba angekuwapo angesema neno la kuchekesha juu ya kifuniko hicho. Nasimiyu alijaribu kuwaza angesema nini, akashindwa, na kule kushindwa hakukumuuma. Tangu homa ya mapafu imchukue mumewe huyo, mwaka uliopita, hakuna kilichomuuma. Alipika, alifua, alikwenda kazini, na mambo yalimpita kama mvua inavyompita mtu aliye ndani ya nyumba.

Kazi yake ilikuwa kuunga picha za sinema. Mwalimu wa masomo ya jioni ndiye aliyempeleka kwa Bwana Harker, Mzungu mwenye gari la sinema lililozunguka mashambani toka Njoro hadi Gilgil. Odero alipiga picha. Zikirudi zimesafishwa, Nasimiyu alizikata kwa mkasi, akakwangua ncha kwa wembe, akapaka gundi, akazibana mpaka zishikane. Sauti haikuwamo; Nicodemus, dereva wa gari, alisimama na maikrofoni akawaeleza watu wanachokiona. Siku hizo walikuwa na picha ya akina mama wafinyanzi, nzuri sana, lakini ilihitaji kichekesho cha kuifuata. Watu walivumilia vyungu kwa sababu walijua kicheko kinakuja.

Kichekesho kilikuwapo kabatini, kimekatika. Khaemba, aliyefanya kazi stoo za reli na kuwavunja watu mbavu kila jioni, alikuwa amepigwa picha akipeleka kitanda Lanet kwa baiskeli. Upepo unamsukuma, mbuzi wanamfukuza, godoro linamwangukia. Alikufa kabla hawajapiga mwisho, pale anapofika nyumbani kwake.

"Hii picha hapana mwisho," Bwana Harker alisema, amesimama mlangoni na kiko chake. "Na huyu mtu kufa. Watu hapana cheka mtu kufa. Tupa."

"Nitaipatia mwisho, bwana."

"Wapi? Wewe iko na mwisho ndani ya mfuko?"

"Nipe mpaka Jumamosi."

Mzungu alimtazama kidogo. Alijua yule mtu alikuwa nani wake. "Haya. Jumamosi naonyesha Bondeni. Watu cheka, picha nakaa. Watu nyamaza, mimi nachoma."

Khaemba hakuwahi kuingia studio ya picha hata siku moja. Nyumbani hapakuwa na sura yake, si ukutani, si katika Biblia. Nekesa alikuwa bado wa kubebwa baba yake alipozikwa. Filamu ile ikichomwa, mtoto angekua akiambiwa tu kwamba baba alikuwa mcheshi, jinsi watoto wengine wanavyoambiwa habari za nchi za mbali.

Basi akaketi dirishani akaivuta filamu kwenye mwanga. Khaemba mdogo kama kucha, kisha Khaemba mwingine, na mwingine, wote juu ya baiskeli. Akawakata, akawaunga. Hakuharibu hata kipande kimoja. Alishangaa kwamba hakuharibu, kisha hata mshangao ukamtoka.

Odero aliingia akamkuta ameduwaa.

"Mama Nekesa, umekwama?"

"Hafiki nyumbani, Odero. Kila nikiunga, anabaki njiani."

"Umetazama mikia?"

Mikia ni vipande vinavyobaki mtu akishaambiwa "basi". Kazi ilikuwa na sheria yake: vyote kwenye kikapu cha takataka. Lakini Odero hakujua kuachia kitufe. Bwana akishasema basi, yeye huendelea tu, na kwa tabia hiyo alikuwa ametukanwa mpaka akazoea.

"Ya kitanda sikuitupa," alisema, akitoa mkebe nyuma ya kabati. "Aliponifia, niliogopa. Usimwambie mzee. Ataniita mwizi wa filamu."

"Ulikuwa mwizi toka zamani," Nasimiyu alisema. Odero akacheka. Yeye hakucheka, ila alishukuru.

Katika mkebe ule alikipata kipande kimoja kirefu. Akakiunga mwishoni, akakibana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi jua lilipozama, Bondeni nzima, mtaa wao, ilikuwa uwanjani. Nasimiyu alikaa chini karibu na gari, Nekesa mapajani, na jirani yake Chelagat kando. Mtoto hakuwa ameambiwa lolote. Vyungu vilipita, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha Khaemba akatokea kwenye shuka jeupe, mkubwa kuliko nyumba.

Uwanja ukanyamaza.

"Ee Mungu," mtu akanong'ona. "Ni marehemu." Bibi mmoja aliinuka akajifunika kanga usoni. Nicodemus alishika maikrofoni, asiseme kitu. Bwana Harker alikunja mikono. Nasimiyu aliona yote hayo, akangoja kuona kama moyo wake utashtuka. Haukushtuka.

Khaemba akatazama nyuma, akaona mbuzi, akakazana. Kitanda kikaanza kuteleza.

"We Khaemba!" ilikuwa sauti ya Kiptanui, aliyekuwa akipakua magunia naye. "Kaza kamba! Hata huko uliko bado hujui kufunga fundo?"

Kicheko kimoja kikatoka. Godoro likamfunika, miguu ikabaki nje ikirusha teke, na hapo uwanja ukapasuka. Chelagat alimpiga Nasimiyu bega huku akifuta macho. "Uui, huyu mtu! Huyu mtu!" Yule bibi alikuwa amerudi kukaa. Nicodemus naye akapata ulimi: "Wananchi, hiki kitanda kitalala Lanet au kitalala mtaroni?"

Bwana Harker alikuwa akijaza kiko chake, anatabasamu.

Kisha ukaja mkia. Khaemba ameshaambiwa basi. Ameshusha kitanda kando ya barabara, amekalia godoro, amevua kofia, amechoka kikweli. Anapangusa jasho. Anatazama mbele, kando kidogo ya kamera, mahali Nasimiyu aliposimama siku ile na mtoto mgongoni. Uso wake unabadilika wote. Anapigapiga godoro kwa kiganja, njoo, njoo, kisha ananyoosha mikono miwili kupokea.

Nicodemus alishusha maikrofoni. Watu walikuwa wakimalizia kucheka, taratibu, wakitulia.

Nekesa alisimama mapajani pa mama yake.

"Yule mtu ananijua," akasema.