Mtoto Amekataa Ziwa

Mtoto aligeuza uso tena. Mshonaji akamgusisha chuchu midomoni, maziwa yakamchirizika kidevuni, lakini bibi mkubwa huyo wa miezi minne alikuwa amefumba mdomo kama mtu aliyetoka karamuni.

"Kiwanda kinavuja na mteja hataki," fundi wa kola alimtania kutoka cherehani ya pili. Wenzake wakacheka. Mshonaji hakucheka. Mwanzoni mama mkwe alikuwa akimleta mtoto saa ya mapumziko akilia njaa; siku hizi analetwa amesinzia.

Katika kikunjo cha shingo palikuwa na kitu cheupe kimekauka. Akakikwangua kwa ukucha. Uji.

"Mama, umempa nini mtoto?"

Mama mkwe akajishughulisha na mbeleko. "Vijiko tu, mwanangu. Msimamizi wako alinikunjia uso pale mlangoni, nikasema nisikuharibie kazi. Analia asubuhi, analia mchana, nitakuletea mara ngapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu wiki yako ya pili kazini."

Suruali ya shule ilikuwa bado chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa. Aliitazama asiione. Mkunga alishamweleza waziwazi: ukimnyonyesha maziwa yako tu, mchana na usiku, siku zako hazijarudi, mtoto hajafika miezi sita, basi mimba haitaingia kirahisi. Ukimpa kitu kingine chochote, njoo tutafute njia nyingine. Daktari aliyempasua wakati wa kujifungua alikuwa mkali zaidi: mimba kabla mshono haujapona sawasawa inaweza kumwua. Mama mkwe hakuambiwa. Mambo ya chumbani, mtu anaanzia wapi kumwambia mama wa mumewe? Aliona haya.

"Mama," alisema polepole, "hayo maziwa ndiyo yaliyokuwa yananizuia nisishike mimba. Na daktari alisema nikishika sasa, naweza nisipone."

Mama mkwe akaketi juu ya robota la vitambaa. "Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

Msimamizi akapaza sauti kuulizia suruali. Mshonaji akazima cherehani, akachukua mkoba, akatoka. Mama mkwe alimfuata na mtoto mgongoni, wakapishana na majirani bila hata salamu.

Kliniki, mkunga alichovya kijiti kwenye mkojo, akakilaza mezani. "Mstari mmoja, hakuna kitu. Miwili, tutazungumza. Tukipe muda kidogo." Kisha akaitwa chumba cha pili.

Mshonaji hakuweza kukitazama. Alimpakata mtoto, akambana kifuani kuliko ilivyohitajika.

"Nitazamie, mama."

Mama mkwe akainuka, akainamia meza, akawapa mgongo. Nje mtu alikuwa anafagia. Ufagio ukapita dirishani, ukarudi.

"Mama?"

Bila kugeuka, mama mkwe akahesabu kwa kidole juu ya kijiti: mmoja, wa pili. Alinyoosha mkono nyuma, akapapasa hewani mpaka akaupata mguu wa mtoto, akaushika.