Bei ya Mchoraji Aliye Hai

Sitamung'unya maneno: kaka yangu Brandon alinitia kinyaa. Mpaka leo nikimwona anatafuna, mimi nasukuma sahani.

Baba yetu, Mzee Wechuli, ni mchoraji. Wale ng'ombe kwenye bucha na vile vichwa kwenye vinyozi, kutoka mtaa wa Nyalenda hadi Mamboleo, ni mkono wake. Hiyo ilikuwa kazi ya kuleta unga. Kazi ya moyo aliifanyia nyumbani, kwenye turubai: akina mama wakipara samaki, magugu yakifunika ziwa, mvua ikija kutoka ng'ambo. Picha hizo zilijaa nyumbani hadi tukawa tunapita ubavu ubavu.

Mwaka huu akaota uvimbe tumboni. Daktari akasema apasuliwe upesi. Tukaitisha mchango, jamaa wakanyamaza. Ndivyo tulivyo sisi: mgonjwa anaombewa, maiti ndiyo inachangiwa.

Ndipo akaja Waringa, mama mwenye gesti karibu na ziwa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwandikia bango, akaziona picha, akasema anazitaka zote. Pesa aliyotaja ilitosha hospitali. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nilipiga vigelegele.

Brandon akasema hapana. Na kwetu baba akiugua, kifungua mimba wa kiume ndiye mdomo wake.

"Emma, wewe hujui mambo ya soko," aliniambia, akafungua laptopu. Ana mchezo humo, unaumba mtu, unamjengea nyumba, anakula, anaoga, anaenda kazini. Wake alikuwa mchoraji. "Ona. Akiwa hajui kuchora, picha ni takataka. Ujuzi ukipanda, bei inapanda. Akichora akiwa na furaha, inapanda tena. Sasa cheki akikufa."

Alikuwa amemfungia yule mtu wake kwenye chumba kisicho na mlango, bila chakula. Katuni ikalia, ikashika tumbo, ikaanguka. Kaburi likatokea uani. Brandon akabofya picha ukutani, bei imeruka. Akacheka kama amefunga bao.

"Na Baba?" nikauliza.

"Baba ameshaishi. Tungoje kidogo tu."

Tungoje kidogo tu! Ptuu! Mtu aliyembeba mgongoni akiwa na surua! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Na kuna watu waliomsikiliza. Baba mdogo Shitanda, ambaye hakutoa hata ndururu ya hospitali, alikuja na wenzake kufanya kamati. Kamati ya mazishi, na mtu bado anapumua! Wakaketi wakipanga hema, wakapanga fahali, wakabishana kuhusu spika. Baba alikuwa amelala nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Wakaniomba sukari zaidi kwenye chai. Haki ya Mungu, nilitamani kuwamwagia birika lote.

Waringa alirudi na pikapu wakiwa bado hapo. Brandon akajiweka mlangoni.

"Madam, usikimbilie. Ngoja Mzee apumzike, halafu tuongee bei ya ukweli. Mchoraji akienda, picha inakuwa mali."

"Akienda wapi?"

Brandon akatazama chini. Shitanda akakohoa.

"Ngai!" Waringa akashika mdomo. "Bwana, mimi nimekuja kununua picha, sikuja kununua kaburi." Akageuka kwenda kwenye gari.

Hapo pazia likafunguka. Baba alitoka ameshika ukuta, shuka kiunoni. Hakunitazama, hakumtazama mtu. Alichukua brashi na kopo la rangi nyeusi, akainama kwa taabu mbele ya picha ya kwanza, akafuta jina lake pembeni. Kando yake akaandika: Brandon. Akaenda kwa ya pili.

"Baba, unaharibu!" Brandon akapiga kelele.

"Siharibu." Sauti ilikuwa ya mgonjwa, lakini mkono uliendelea kuandika. "Zote ni zako. Ukifa wewe, zitapanda. Mimi nitangoja kidogo tu."

Shitanda aliweka kikombe chini, na macho yake yakaondoka kwa Baba, yakaenda kwa Brandon, yakatulia hapo. Nilimwona kaka yangu akirudi nyuma hatua moja.

"Mama," Baba akamwita Waringa, "bado unazitaka? Aliyeandikwa hapa ni mzima wa afya. Bei ni ile ya juzi."

"Nazitaka, Mzee. Na wewe utapanda mbele kwa gari, tupitie hospitali."

Nilimshika Baba mkono. Brandon akabaki na kazi ya kubeba. Alizibeba moja moja hadi kwenye pikapu, jina lake bichi likimchafua vidole, na hakuna mjomba wala baba mdogo aliyenyanyuka kumsaidia.