Gamba Kwenye Kigingi

"Huyo mpita njia tu, dada," mhandisi alimwambia mtafiti, akimwonyesha kereng'ende adimu, mwekundu kama pilipili, aliyetua kwenye matete. "Nionyeshe kwamba anazaliana hapa, la sivyo saa sita tunafukia bwawa."

Zilibaki dakika kumi, na tingatinga lilikuwa tayari linanguruma. Tangu asubuhi mtafiti alikuwa amepekua matete shina kwa shina, akitafuta gamba ambalo mtoto wa kereng'ende hulivua akitoka majini, asiambulie kitu. Akateleza, akadaka kigingi cha ujenzi kilichopigiliwa humo majini. Kitu kikavu kikamkwaruza kidole.

Akakitazama, kisha akacheka kwa hasira.

"Njoo uone, kaka! Mpita njia gani huyu, anayevulia nguo kwenye kigingi chako?"