Samadi ya Kona ya Mashariki

Asubuhi ya Jumatano Theopista alikuta majani ya chainizi yameungua kingoni, yamekuwa ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Akahesabu. Matuta saba kati ya kumi na mawili. Jana jioni yalikuwa mawili tu.

Alikuwa bibi shamba mwenye stashahada, aliyepunguzwa kazini mwaka uliopita, 1995, na hakuwa mtu wa kulilia mboga. Lakini Jumamosi kamati ya kata ilikuwa inakuja kukagua. Kiwanja hiki cha Makanyagio kilikuwa kimeombwa na watu wawili: kikundi chao cha akina mama wanane, na Telesphor, mfyatua matofali, aliyeupenda udongo wake wa mfinyanzi. Kamati iliwapa akina mama wiki sita. Mboga zikisimama, kiwanja ni chao. Zisiposimama, Telesphor anachimba.

Naye alikuwa amekwishafika, ameegemea wigo.

"Mtaalamu, naona leo mnapika mboga zikiwa bado shambani. Mmeokoa kuni."

"Nenda kafyatue, Telesphor."

"Nitafyatulia hapo hapo uliposimama. Nasubiri Jumamosi tu."

Romana, mwenyekiti wa kikundi, alitua ndoo yake akainama juu ya tuta. "Mama Happiness, hizi zina nini?"

"Kiu," Theopista alijibu.

Alijua anadanganya. Udongo ulikuwa na unyevu mpaka chini. Juu yake palikuwa na ukungu mweupe, kama unga uliomwagika, na jana alijiambia ni majivu.

"Isije ikawa ni ile samadi yako," Romana alisema. "Sisi tulitaka maganda ya mpunga ya mashine ya Kibaoni peke yake. Ukasema maganda yanalegeza udongo lakini hayaulishi. Tukanyamaza, maana wewe ndiye umesoma."

Theopista alifunga kitenge vizuri akashika njia ya Kawajense, kwenda nje ya mji kwenye boma la Nyanzala, mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mitatu nyuma. Njia nzima alikuwa anapanga maneno makali. Mtu amekupa samadi, kaweka nini ndani? Dawa ya kupe? Na kama ni dawa, je, watoto wake, waliokula majani ya kwanza Jumapili? Hapo miguu ikaongeza mwendo yenyewe.

Alimkuta Nyanzala anasugua kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Mbona unahema?"

"Samadi yako inaunguza mboga zetu. Niambie mmeweka nini."

Nyanzala aliweka kibuyu chini taratibu. "Ulichimba wapi?"

"Pale." Theopista alionyesha kona ya mashariki ya zizi. Aliikumbuka vizuri. Kwingine samadi ilikuwa na mabonge, na magugu yameota pembezoni. Pale ilikuwa laini kama ugoro, kavu, bila hata jani moja la gugu. Samadi iliyoiva, alijisemea siku ile, na akaijaza kwenye viroba sita.

"Na mimi nilikuita nikiwa pale jikoni. Nikasema njoo huku, acha hiyo. Wewe ukasema nini?"

Theopista alikumbuka. Alisema, "Samadi naijua, mama, nimeisomea." Hata hakugeuka.

"Pale ndipo ng'ombe wanapopewa chumvi," Nyanzala alisema. "Tunaimwaga juu ya yale mawe, wanalamba, nyingine wanaikanyagia chini. Miaka mitatu. Gugu litaota vipi?" Akachota vumbi la pale kwa kidole, akalionja, akatema. "Onja."

Theopista alionja. Ulimi ulimwambia yote ambayo macho yake yalikuwa yanakataa tangu jana. Kwa upande wa watoto alipumua. Chumvi wanaila kila siku. Lakini zilibaki siku tatu.

"Inatoka?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Wewe ndiye umesoma."

Ilikuwa kejeli ya haki. Na jibu alikuwa nalo: chumvi huoshwa kwa maji mengi, ishuke chini kupita mizizi. Kwenye mfinyanzi mtupu maji yangetuama tu. Lakini maganda ya Kibaoni yalikuwa yamechanganywa humo, yale ya Romana. Maji yangepita.

Aliporudi aliwakusanya wenzake wote saba kando ya wigo. Telesphor alikuwa bado yupo, akasikia, basi na asikie.

"Samadi haina kosa, na Nyanzala hana kosa. Nilichimba penye chumvi, nikaitwa, sikusikiliza. Ndoo kumi na tano kila tuta, leo na kesho."

Kisima kilikuwa mbali, na ilikuwa Septemba, kiangazi.

"Kesho ukiitwa utageuka?" Romana aliuliza.

"Nitageuka."

"Haya. Chukueni ndoo."

Walibeba maji siku mbili mpaka shingo zikakaza. Theopista alichimba mifereji kati ya matuta ili maji ya chumvi yatoke, na kila baada ya ndoo tano alionja udongo. Ijumaa jioni matuta matatu yalikuwa yamekufa kabisa. Tisa yalikuwa na kingo zilizoungua, na katikati kijani kipya, kidogo.

Jumamosi mjumbe wa kamati alitembea polepole. "Haya yameungua."

"Chumvi. Tumeiosha."

"Nitajuaje kwamba imetoka?"

Theopista alichukua udongo wa tuta la nne akautia mdomoni, mbele ya watu wote, akaumeza. Kisha akamnyooshea Telesphor mkono wenye udongo uliobaki, naye aonje. Telesphor akarudi nyuma.

Mjumbe aliandika kitu. "Mtakaa mpaka mvua. Tutarudi Novemba."

Akina mama walianza kucheka na kupigana mabega. Theopista alikwenda hadi tuta la mwisho. Pembeni, pale jua lilipokausha, weupe wa chumvi ulikuwa umeanza kupanda tena, mwembamba, kama pumzi juu ya kioo. Akaangalia njia ya kisima, akachukua ndoo.