Pazia la Dirisha Lililopinda

Chwaa! Tak.

Fundi alifumbua macho gizani. Sauti ile ndogo ilitoka upande wa dirisha, si upande wa vyombo, kwa hiyo hakuwa panya. Akatega sikio. Bomba la uani lilikuwa likidondosha tone moja moja kwenye ndoo ya mtu. Mtoto alikuwa akikoroma kidogo. Kisha tena: chwaa, tak. Mwanga mwembamba ukapita nyuma ya pazia, ukazimika, na viatu vikaondoka vikikanyaga kokoto za uchochoroni.

"Mama, nani huyo?"

"Mpita njia. Lala, Sindano, bado mapema."

Binti yake alikuwa na miaka saba, na wembamba wake ndio uliompa jina hilo. Alijigeuza, akavuta shuka lote upande wake, akapotea tena usingizini. Mama yake hakupata tena usingizi. Kulipopambazuka alichota maji kabla foleni haijakaza, akachemsha chai, akamsuka mtoto nywele huku mtoto akisoma kwa sauti orodha ya maneno ya mtihani, akamvusha barabara. Lango la shule lilikuwa pale pale ng'ambo. Mtoto aliweza kurudi peke yake mchana, akafungua mlango kwa ufunguo aliofungiwa shingoni, na mama akashona mpaka jioni bila roho kumruka. Kwa hilo tu, Fundi alikisamehe chumba kile mambo mengi.

Na mambo yalikuwepo. Dirisha lilijengwa na mtu mwenye haraka zake: upande wa kushoto ulishuka vidole viwili kuliko wa kulia, kama mtu aliyelemewa na begi begani. Chini yake palikuwa na ufa, na mvua ya upepo ilipita humo kama iliyokaribishwa. Mwenye nyumba alipoambiwa alijibu, "Nitaleta mtu." Huu ulikuwa mwaka wa pili, na mtu huyo bado alikuwa njiani. Fundi alichoka kumsubiri. Akaziba alivyoweza, akapaka ukuta rangi Jumapili mbili mfululizo, akabadilisha komeo la mlango, kisha akashona pazia lenye pindo la mshazari ili dirisha lionekane limenyooka. Mtu akiingia alisema, "Kumbe pazuri!" naye alifurahi.

Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha shangazi yake, vyerehani viwili mgongo kwa mgongo. Tangu chuo kimoja kikubwa kilipofungua tawi mjini, kazi iligeuka. Nguo za watu zilipungua, mapazia yakazidi. Madalali waligundua kwamba chumba kilichopigwa picha kikiwa na pazia jipya hupangishwa haraka na kwa bei ya juu. Dalali mmoja, waliyemwita Kamera kwa sababu simu yake haikukaa mfukoni, ndiye aliyekuwa mteja wao mkubwa.

Asubuhi hiyo alifika mapema, macho mekundu.

"Shikamoo shangazi. Fundi, mambo? Nina kazi ya leo leo. Saa kumi liwe limening'inia."

"Leo leo? Mimi ni cherehani au mashine ya kusaga?" Fundi alisema, akipokea karatasi. "Umelala kweli wewe?"

"Nilidamka kupima. Mwenye nyumba hataki mpangaji ajue kabla ya wakati, atamletea vurugu. Nikapita kwa nyuma na tepu yangu ya chuma, kimya kimya, mara mbili nisikosee. Na wewe usikosee, maana dirisha lenyewe bovu, halilingani."

Fundi aliisoma karatasi. Kulia, sentimita mia na kumi na nane. Kushoto, mia na ishirini na moja.

Hakuhitaji kuchukua futi yake. Vipimo vile alikuwa navyo kichwani, kama alivyokuwa na kiuno cha mwanawe.

"Hili dirisha," alisema polepole, "lina nondo tano, ya katikati imepinda?"

"Eh! Umejuaje?"

"Na chini yake ukuta wa nje una doa la kijani?"

Kamera alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Dada, usiniambie. Mzee aliniambia humo yumo mama mmoja tu."

"Ndiye mimi, huyo mama mmoja tu."

Shangazi aliacha kukanyaga cherehani. "Ama kweli! Mbuzi kupewa kisu akinoe!" Akamgeukia Kamera. "Zamani tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni njoo, mwenyeji ahame. Huna haya?"

"Shangazi, mimi natumwa tu. Nisipopiga picha mimi, atapiga mwingine. Wanafunzi wanalipia kitanda, si chumba. Chumba kile kitaingia vitanda vinne, vya juu na chini. Hesabu mwenyewe."

"Hesabu yake naiweza," Fundi alisema. "Nilimaliza darasa la jioni. Kinachonishinda ni adabu yake."

Alichukua mkataba wake, karatasi ya daftari yenye sahihi mbili, akaenda ofisi ya mtaa. Alisimama kwenye foleni kwa saa nzima. Karani aliushika mkataba kwa ncha za vidole kama kitambaa kilichofutiwa kitu.

"Huu hauna muhuri."

"Ndiyo, nimekuja upigwe."

"Haupigwi bila mwenye nyumba kuwepo."

"Lakini mwenye nyumba ndiye ninayemlalamikia."

"Basi mlete, mlalamikiane hapa."

"Sasa mtu anayetaka kunitoa atakubali vipi kuja kunisaidia nisitoke?"

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza, na uso wake ukalainika. Akainama dirishani na kupunguza sauti. "Kwani unatafuta chumba, dada? Ninacho kimoja cha shemeji yangu. Unavuka daraja, mwendo wa saa moja tu. Kodi ya miezi sita mbele. Ukichelewa kitachukuliwa, wanafunzi wanakuja kama siafu."

Fundi alitaka kucheka, kisha akataka kulia, mwishowe akakunja karatasi yake mara nne na kutoka.

Mwenye nyumba aliyempangisha aliitwa Mzee Kufuli, kwa kuwa aliwahi kufunga mlango wa mpangaji aliyechelewesha kodi, naye mpangaji akiwa ndani anaoga. Alimkuta barazani anasugua meno kwa kijiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia, eh? Kamera kanipigia. Nilitaka nikwambie mwenyewe, kwa taratibu. Si mimi, ujue. Ni soko."

"Hilo soko linakaa wapi, mzee? Nikaliangukie miguuni, maana kila ninayemuuliza ananitajia hilo hilo."

"Usikasirike. Chumba sasa kimependeza, na kitu kikipendeza bei hupanda."

"Si nimekipendezesha mimi? Rangi yangu, komeo langu."

"Na Mungu akubariki kwa hilo," alisema Mzee Kufuli, na ilionekana anamaanisha.

Hasira ilimpanda Fundi mpaka kwenye masikio, lakini alikuwa na mtoto, na hasira ya mwenye mtoto hukaa foleni. "Mzee, wiki nne tu shule zinafungwa. Mtoto ana mtihani. Nikihamia ng'ambo ya daraja, atafikaje? Nipe huo mwezi mmoja."

Mzee Kufuli alitafuna kijiti akifikiri. "Jioni anakuja baba mmoja na binti yake wa chuo. Akikipenda atalipia vitanda vyote vinne, binti na wenzake waingie mwezi ujao. Wewe shona hilo pazia, tundika, waone chumba nadhifu. Nami nakupa mwezi wako. Ila neno la ufa lisitoke. Likitoka, kesho nakuja na kufuli. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alishona mchana kutwa. Kitambaa cha Kamera kilikuwa kizito kuliko cha kwake, rangi ya udongo, na alipolipinda pindo kwa mshazari mkono wake ulikwenda wenyewe. Shangazi alimwekea chai pembeni. Ilipoa pale pale.

Saa kumi na moja alikuwa amesimama juu ya kigoda chumbani, pini tatu midomoni, akirekebisha pindo. Pazia lilishuka kupita dirisha, likafunika ufa na doa lote la unyevu. Sindano alikaa kitandani na daftari lake. Aliambiwa: wageni wakija, salimia, kisha kaa kimya.

Waliingia wanne. Mzee Kufuli alitangulia, mfuko wake ukilia funguo. Kamera alifuata, simu tayari mkononi, akikwepa macho ya Fundi. Nyuma yao mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, na msichana mwembamba aliyekumbatia begi.

"Shikamooni," alisema Sindano.

"Marahaba," walijibu wakubwa, na msichana akamtabasamia.

"Mnaona wenyewe," Kamera alianza. "Utulivu, maji hapo uani, chuo dakika ishirini kwa mguu."

"Kwenye simu ulisema kumi," msichana alisema.

"Kumi ukiwa na haraka."

Baba mtu hakucheka. Alizunguka chumba, akabonyeza komeo, akapitisha kiganja ukutani. "Rangi mpya hii. Pazia jipya. Mbona kila kitu kipya?"

"Usafi tu, ndugu yangu," alisema Mzee Kufuli.

Mwanamume akamgeukia Fundi aliyekuwa bado juu ya kigoda. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesafiri mbali na ambaye angerudi usiku huo huo. "Dada yangu, wewe ndiye unayeishi humu. Huyu ndiye wangu wa kwanza kufika chuo. Niambie kama ungemwambia kaka yako. Chumba hiki hakina tatizo?"

Mzee Kufuli alikohoa.

Fundi alielekeza kidole kwenye midomo yake: pini. Mwezi mmoja. Mtihani, lango la shule ng'ambo ya barabara, ufunguo shingoni mwa mtoto. Akautazama mkono wa yule msichana ulioshika begi, mfupa wa kifundo ulivyochomoza, akaona mkono wa mwanawe miaka kumi ijayo, kwenye chumba cha mtu mwingine, mbele ya pazia la mtu mwingine. Akatoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye kitambaa. Akatoa ya pili. Mzee Kufuli alikuwa akimkazia macho, na ya tatu ilikuwa bado katikati ya midomo yake.

Sindano aliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Mvua ikinyesha, sisi huwa tunalala kule mlangoni."