Namba ya Upendo

Mume wangu Obadia ni Msambaa wa Bungu, na pengo shambani linamnyima usingizi. Mbegu isipoota, utamkuta ameinama anarudishia nyingine. Sasa mtu kama huyo ndiye aliyetengeneza programu ya kadi za watoto kwenye zahanati ninayofanyia kazi, Korogwe. Mwezi uliopita alifuta majina ya watoto waliofariki, kwa mkupuo, bila kuyasoma. Mtoto mpya akija, mashine inatafuta namba ndogo iliyo wazi na kumpa. "Edna, hakuna kupoteza nafasi," alijisifu. Nami, mjinga, nikampigia makofi.

Jumanne akaja Mwanaidi, binti wa Handeni aliyeolewa huku, na mwanawe Ikram wa wiki sita, kwa chanjo. Nikamwandikisha. Mashine ikatoa namba 77.

Sabini na saba alikuwa mwanetu Upendo, aliyetutoka mwaka juzi akiwa na miezi minne. Nikafungua kadi. Juu, jina la Ikram. Chini, chanjo zote za Upendo, na mstari wa mwisho: Amefariki.

"Dada, mbona unalia? Mwanangu ana nini?" Mwanaidi akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Hana kitu, mdogo wangu. Mzima kabisa. Mwenye kasoro ni mume wangu!"

Nikampigia simu. "Wewe Obadia! Njoo hapa sasa hivi!"

Akaja mbio kwa bodaboda. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Alisoma, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akafunika uso.

"Nilifuta jina tu, taarifa zake zikabaki zimeshika namba ile ile. Nikaona pengo, nikarudishia. Nisamehe, mama Upendo."

Hakuwa ameniita hivyo tangu mazishi. Hasira zote zikaniisha.

Akabadilisha palepale: mashine ihesabu kwenda mbele tu, namba iliyowahi kutolewa isitolewe tena, hata mwenyewe asipokuwepo. Ikram akapata 1204, akachomwa sindano, akapiga yowe hadi mama yake akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Walipoondoka, Obadia alirudi kwenye 77 na kuandika upya: Upendo Obadia.

"Alizaliwa tarehe tisa au kumi?" akauliza.

"Tisa," nikamjibu.

Alikuwa anajua. Alitaka tu tumtaje pamoja.